Bahari ya Paje haijakauka: dhana potofu kuhusu fukwe za Unguja

"Kaka, mbona bahari imekauka?" Simu hiyo naipokea karibu kila bamvua, siku ambazo maji hujaa na kupwa kupita kawaida, mnamo saa 4 asubuhi, kutoka kwa mgeni aliyelala Paje au Jambiani. Mwezi uliopita ilikuwa familia ya Dar. Walitaka kuhama siku ile ile, eti pwani ya mashariki ni mbovu na mimi niliyewapeleka nimewadanganya.

Jamani, maji yamekupwa tu. Na hata Kendwa na Nungwi yanakupwa vivyo hivyo, mita tatu na zaidi wakati wa bamvua. Tofauti iko chini: kule kaskazini kina kinashuka upesi, hatua chache tu umeyafikia maji. Mashariki chini ni tambarare mpaka kwenye mwamba wa matumbawe, kwa hiyo maji yakiondoka unabaki mchanga mtupu mamia ya mita.

Kinachonisikitisha ni kwamba haya yote yanajulikana mapema. Bamvua huja mwezi ukiandama na ukiwa mpevu. Siku hizo maji hukupwa kabisa kama saa 4 asubuhi, hujaa kama saa 10 jioni, na kila siku saa husogea mbele karibu dakika 50. Juma moja baadaye ni maji mafu, yasiyojaa wala kupwa sana, na saa 4 ile ile asubuhi unaogelea mbele ya chumba chako. Ndiyo maana kila mteja namwambia: kabla hujalipia hoteli, tazama mwezi. Picha haikwambii ilipigwa saa ngapi.

Ile familia niliwaomba wasubiri. Saa 10 watoto walikuwa wanaogelea palipokuwa na nyayo zao za asubuhi.

Wapo wanaosema ufukwe ni Nungwi tu. Ukiwa na watoto wadogo wanaotaka maji kutwa, sawa, nenda Nungwi au Kendwa. Lakini anayetaka kupanda kaiti, yaani kuteleza juu ya maji akivutwa na tiara, wakati wa upepo wa kusi, Juni hadi Septemba, nitampeleka Paje bila kufikiri mara mbili.

Kwamba mashariki huoni jua likizama, si kweli. Michamvi Kae inatazama magharibi, na ni mwendo mfupi tu kutoka Pingwe ya upande wa mashariki.

Kuogelea Mji Mkongwe? Hapo ni bandarini. Lala mjini, ogelea kwingine.

Na tafadhali, vigingi na kamba mnavyoviona maji yakikupwa Paje na Jambiani msiviite uchafu. Ni mashamba ya mwani, mimea ya baharini, kilimo kilichoanza huko mwaka 1989, na wengi wanaoyalima ni kina mama. Nimeona mgeni akivuta kamba apige picha, mwani ukakatika na kuelea zake, na mwenye shamba amesimama pale pale maji ya magotini. Pita pembeni. Vaa na viatu, kwenye mawe kuna miiba.