Beringi za pikipiki iliyotembea sana: yanayoaminiwa Moshi na ukweli wake

Waendesha bodaboda wengi wa Moshi huamini kwamba beringi ya gurudumu (pete mbili za chuma zenye goroli, yaani vijitufe vya chuma, katikati) ina umri wake wa kilometa, na kwamba pikipiki iliyopita kilometa 50,000 ni lazima ibadilishiwe beringi zote hata kama hazijaonyesha dalili yoyote. Beringi haichakai kwa kilometa peke yake. Nimefungua habu, yaani vitovu vya magurudumu, za pikipiki zilizochoka kila mahali nikakuta beringi zinazunguka laini kabisa, na nimefungua za pikipiki isiyomaliza mwaka nikakuta goroli zina kutu na grisi imegeuka ute mweupe kama maziwa. Kilichotofautisha pikipiki hizo ni maji.

Wapo wanaoilaumu mishikaki, yaani kupakia abiria zaidi ya mmoja. Ni kweli kwamba mzigo unahusika, tena kwa kanuni kali: katika beringi ya goroli, mzigo ukiongezeka mara mbili, umri unaokadiriwa hushuka hadi moja ya nane. Lakini beringi namba 6301, inayotumika sana katika magurudumu ya pikipiki ndogo, hukadiriwa kwa mzigo wa karibu kilonewtoni 10, yaani takriban uzito wa tani moja, kwa mizunguko milioni moja, na hata pikipiki iliyopakia watu watatu haiifikishii beringi moja sehemu ya tano ya mzigo huo. Mishikaki ni hatari kwa breki, kwa tairi na kwa maisha ya watu, na hizo ni sababu tosha za kuiacha. Ila anayedhani kwamba kwa kuiacha tu ameziokoa beringi zake bado hajamgusa adui mwenyewe.

Adui huyo huingia wakati wa kuosha. Inasemwa kwamba pikipiki ioshwe kwa mashine ya presha mara kwa mara ili udongo usiingie ndani, na hasa wakati wa masika, tope la Kibosho na Uru linapoganda kwenye habu. Sili ya mpira, yaani kizibo cha ubavuni mwa beringi, imeundwa kuzuia vumbi na maji ya kurukiwa barabarani, haikuundwa kuhimili mdomo wa mashine ya presha ulioelekezwa kwa karibu kwenye ekseli, yaani mhimili wa gurudumu. Jambo linalosahaulika zaidi ni joto. Pikipiki inayoteremka kutoka Marangu hadi Himo huku breki ya nyuma ikishikwa muda mrefu huipasha moto habu yenye breki ya ngoma, na hewa iliyomo ndani hutanuka na kutoka. Habu hiyo ikimwagiwa maji baridi papo hapo, hewa iliyobaki husinyaa na kuyavuta maji kupitia ukingo wa sili. Ndiyo maana ninawasihi wenye pikipiki waiache ipoe kwanza, kisha waoshe sehemu ya ekseli kwa brashi na maji ya ndoo.

Beringi ikianza kunguruma, ushauri unaotolewa haraka ni kuichokonoa sili na kushindilia grisi. Ngurumo hiyo kwa kawaida inamaanisha kwamba njia ya goroli imeshamomonyoka au kuingia kutu, na chuma kilichomomonyoka hakirudishwi na grisi. Kelele hupungua kwa siku chache, mwenye pikipiki hutulia, na uharibifu unaendelea hadi pete ya nje inapoanza kuzunguka ndani ya habu na kuila aluminiamu yake. Hapo hata beringi mpya haitashika, na gharama imehama kutoka kwenye beringi kwenda kwenye habu nzima.

Kukaza nati ya ekseli kupita kiasi ili gurudumu lisicheze ni kosa la jamii hiyohiyo. Katikati ya beringi mbili kuna bushi ndefu inayozitenganisha pete za ndani; ikiwa imepotea au imelika, kila mzungusho wa spana huzisukuma pete hizo upande na kuzibana goroli pembeni. Fundi anayesema bushi hiyo si ya lazima asikubaliwe.

Kuhusu namba na alama zinazoandikwa kwenye beringi, wauzaji wengi wa spea huichukulia alama ya C3 kuwa daraja la ubora. C3 huonyesha tu kwamba nafasi ya ndani kati ya goroli na pete ni kubwa kuliko ya kawaida. Alama ya 2RS huonyesha sili za mpira pande zote mbili, na ZZ ni vifuniko vya bati, ambavyo kwa gurudumu linalopita kwenye tope havifai kama mpira. Tarakimu mbili za mwisho za namba ya beringi hutaja tundu la kupitisha ekseli: 01 ni milimita 12, 02 ni milimita 15, 03 ni milimita 17. Kwa hiyo 6202 na 6302 huingia kwenye ekseli ileile ya milimita 15, lakini ya kwanza ina kipenyo cha nje cha milimita 35 na ya pili milimita 42.

Beringi mpya nyingi huuawa siku zinapofungwa. Nyundo ikipigwa kwenye pete ya ndani, pigo hupita kwenye goroli na kuacha vishimo ambavyo macho hayavioni. Pete ya nje ndiyo inayosukumwa, kwa kipande cha bomba au kichwa cha spana ya boksi kinachoienea, na kazi huwa nyepesi habu ikipashwa moto hadi karibu nyuzi 100 za Selsiasi, kwa kuwa aluminiamu hutanuka karibu mara mbili ya chuma. Beringi ya kwanza hukalishwa hadi mwisho, bushi ikatiwa, kisha ya pili husukumwa hadi pete yake ya ndani iiguse bushi, na hapo fundi huacha. Kabla ya kurudisha gurudumu, aingize kidole ndani ya kila pete na kuizungusha: ikikwaruza au ikiwa nzito, itolewe na itafutwe sababu, hata kama imetoka kwenye boksi muda huohuo.