Kibali cha usiku ni cha koyote, si cha mbweha: maelezo kwa wawindaji wapya wa Maine

Desemba ikikaribia, sisi tunaofundisha usalama wa uwindaji huulizwa swali lile lile na ndugu zetu wa Portland, Lewiston na Augusta, hapa Maine, Marekani: nikishalipia kibali cha kuwinda usiku koyote, yule mnyama wa porini wa jamii ya mbwa aliye mkubwa kuliko mbweha, halafu mbweha akatokea, nimpige? Hapana. Si mbweha mwekundu, si mbweha wa kijivu, hata kama ni msimu wao na leseni unayo. Mbweha katika jimbo la Maine huwindwa mchana tu, kuanzia vuli hadi mwisho wa Februari. Tumelijibu swali hili mara nyingi na bado linarudi, siku hizi likiambatana na video iliyopigwa Texas au Pennsylvania. Sheria ya Pennsylvania inaruhusu mbweha usiku. Wewe unaishi Maine.

Koyote hapa huwindwa mchana mwaka mzima, bila kikomo cha idadi. Usiku una masharti yake. Msimu ni kuanzia tarehe 16 Desemba hadi 31 Agosti, na unahitaji leseni ya kawaida ya uwindaji pamoja na kibali cha usiku cha koyote, ambacho ni dola 4 juu ya bei ya leseni. Ukiwa porini lazima uwe na kifaa cha kuitia, yaani cha kutoa mlio unaomvuta mnyama: filimbi ya kupuliza, kifaa cha mkono, au spika ya umeme. Wengi hudhani hilo ni pendekezo la wauza duka. Ni sharti la sheria, na sababu yake iko wazi. Askari wa wanyamapori akikukuta gizani na bunduki na tochi, bila kitu cha kuitia, ataamini vipi kwamba ulikuwa unamsubiri koyote na si kulungu?

Usiku wenyewe haupimwi kwa macho. Kwa uwindaji huu unaanza nusu saa baada ya jua kuzama na kuisha nusu saa kabla ya jua kuchomoza, kwa saa zilizochapishwa za eneo ulipo. Katikati ya Desemba jua la Portland linazama muda mfupi baada ya saa kumi alasiri, kwa hiyo kufika saa kumi na moja jioni tayari uko ndani ya usiku wa kisheria, ingawa angani bado kuna mwanga. Mbweha uliyekuwa na haki ya kumpiga dakika tano kabla ya mpaka huo, dakika tano baadaye ni kosa la jinai.

Kuna pia Jumapili. Maine hairuhusu uwindaji siku hiyo, hivyo uwindaji wa koyote wa usiku unakoma saa sita ya usiku wa Jumamosi kuamkia Jumapili na kurejea dakika moja baada ya saa sita ya usiku unaoingia Jumatatu. Usiku wa Jumamosi, basi, ni nusu tu: ikifika saa sita, bunduki inatolewa risasi na spika inazimwa, hata kama koyote wanalia ng'ambo ya shamba. Wapo wanaotuambia kwamba katiba ya jimbo inatambua haki ya chakula tangu mwaka 2021, na kwa kuwa kuwinda ni kujitafutia chakula, marufuku ya Jumapili imekufa. Hoja hiyo ilifikishwa hadi Mahakama Kuu ya Maine, na mwezi Machi 2024 majaji waliamua kuwa marufuku inabaki. Tafadhali tusiirudishe hoja hiyo darasani.

Adhabu tunaieleza kwa urefu kwa sababu watu huilinganisha na faini ya kuegesha gari vibaya. Kuwinda usiku mnyama asiyeruhusiwa ni kosa la jinai la daraja D. Kwa kosa la kwanza faini haipungui dola 1,000 na kifungo hakipungui siku 3, na hakimu hana ruhusa ya kusamehe sehemu yoyote ya viwango hivyo. Ukirudia, kifungo hakipungui siku 10. Leseni nayo inafutwa. Hakuna ngazi ya onyo la mdomo katika kosa hili, na kusema "sikujua, mimi ni mgeni" hakupunguzi hata siku moja ya zile tatu.

Kuhusu tochi, kuanzia tarehe 1 Septemba hadi 15 Desemba ni kosa kumulika wanyama wa porini usiku, hata kama huna bunduki na unataka tu kuwaonyesha watoto kulungu kutoka dirishani mwa gari. Ndio msimu wa kulungu, na ndio wakati majangili wanapofanya kazi kwa taa. Ukilinganisha tarehe utaona kwamba msimu wa koyote wa usiku unafunguka kesho yake. Wawindaji wa rakuni, mnyama mdogo wa usiku anayepanda miti, wana ruhusa yao ya taa, na masharti yao: mbwa, bunduki isiyozidi nguvu ya risasi ndogo ya .22, na risasi haiingizwi mpaka mnyama awe juu ya mti au amezingirwa na mbwa. Usijifiche nyuma ya ruhusa hiyo ikiwa huna mbwa.

Sasa tuje kwenye kuitia kwenyewe, maana hapo ndipo makosa yanapozaliwa. Mlio wa sungura anayekufa ni tangazo la chakula lililobandikwa njia panda: kila mwenye njaa anasoma. Atakuja koyote. Atakuja mbweha, na mara nyingi yeye ndiye wa kwanza, kwa sababu mbweha mwekundu hukimbilia mlio ndani ya dakika chache bila kujiuliza sana, wakati koyote aliyekwisha kusikia filimbi mbili tatu maishani mwake anaweza kukaa dakika ishirini akizunguka taratibu hadi upande ambao upepo utamletea harufu yako. Bundi mkubwa mwenye pembe za manyoya ataishukia spika, naye analindwa na sheria ya taifa zima. Mbwa wa jirani atakuja. Mwindaji mwingine pia atausogelea mlio huo huo, akidhani ni koyote wake. Kwa hiyo kiumbe cha kwanza kutokea ukingoni mwa shamba, kwa hesabu ya kawaida tu, huenda si yule uliyelipia kibali.

Kaskazini mwa jimbo kuna linksi wa Kanada, aina ya paka wa porini. Chakula chake kikuu ni sungura wa theluji, na mlio unaonunuliwa zaidi madukani ni wa sungura. Linksi yuko kwenye orodha ya taifa ya wanyama walio hatarini tangu mwaka 2000. Haji mbio kama mbweha. Hukaa, akatazama, akasogea hatua chache, akakaa tena, na utulivu huo ndio unaomponza, kwa sababu mpigaji asiye na subira huona shabaha rahisi. Ukiona miguu mirefu, mkia mfupi kama umekatwa na mwendo wa paka, shusha bunduki.

Koyote wa Maine ni mkubwa kuliko binamu zake wa magharibi. Walianza kuonekana hapa miaka ya 1930, wakaenea jimbo zima kufikia miaka ya 1970, na njiani walichanganya damu na mbwa mwitu na mbwa wa kufugwa. Wengi wana kilo 14 hadi 16, na dume kubwa hupita 20. Mbweha mwekundu ana kilo 3 hadi 7. Mchana huwezi kuwachanganya: mbweha mwekundu ana ncha nyeupe mkiani, wa kijivu ana mstari mweusi unaopita juu ya mkia, na koyote hukimbia akiuteremsha mkia wenye ncha nyeusi. Alama hizo zote ni za rangi au za mkao, na darubini ya joto, ile inayoonyesha joto la mwili wa mnyama gizani, haioni rangi. Ndani yake ncha nyeupe haipo, mstari mweusi haupo. Kuna umbo linalong'aa tu, na umbo la mbweha aliye mita 60 linaweza kulingana na la koyote aliye mita 120 kama hujui umbali wenyewe. Watu wanatumia maelfu ya dola kununua darubini hizo halafu wanapiga kwa kukisia. Pima umbali wa vitu vya shambani kabla giza halijaingia: jiwe lile mita ngapi, mti ule mita ngapi. Mnyama akisimama karibu navyo utajua ukubwa wake. Ukiwa na tochi tu, macho yanayong'aa hayatoshi kuwa utambulisho, na hakuna askari atakayekubali maelezo hayo.

Na kama aliyetokea ana sura ya koyote lakini ni mkubwa kupita kiasi, mrefu wa miguu na mpana wa kichwa, usipige. Mbwa mwitu analindwa na sheria ya taifa katika eneo hili.

Mbinu nyingine mtazipata kwa wazoefu, sitazimaliza. Mbili ninazisisitiza kwa sababu zinagusa usalama. Spika iweke mbali nawe, hatua thelathini hadi hamsini, ili macho ya anayekuja yawe kwenye mlio na si kwako. Na upande ule ambao upepo unaelekea uwe wazi, kwa sababu koyote atazungukia huko. Ukiwa na nyumba au barabara upande huo, hama kabla hujapuliza chochote. Januari hadi Machi ni wakati wao wa kujamiiana, na mlio wa koyote mwenyewe hufanya kazi kuliko wa sungura. Watoto huzaliwa Aprili na Mei. Sheria inaruhusu usiku hadi mwisho wa Agosti, na sina mamlaka ya kukuzuia, ila kutumia mlio wa mtoto anayelia kumvuta mama mwenye kunyonyesha ni jambo ambalo mimi silifundishi.

Ardhi ya Maine karibu yote ni ya watu binafsi, na desturi ni kuwaachia wawindaji waingie pale ambapo hapajawekwa alama. Desturi hiyo ilijengwa mchana. Usiku, mwenye shamba anayeamshwa na mlio wa sungura na kuona taa inazunguka kwenye miti yake anapiga simu polisi, na ana haki. Omba ruhusa, hata kama hakuna kibao. Mstari wa rangi ya zambarau kwenye mti si pambo: maana yake ni kwamba huingii bila ruhusa. Usipige risasi ndani ya yadi 100, yaani kama mita 91, kutoka nyumba ya mtu asiyekuruhusu. Usipige kuvuka barabara ya lami wala ukiwa ndani ya futi 10 kutoka ukingo wake. Bunduki yenye risasi haipandi gari.

Wafugaji wa mbuzi na kuku wana swali lao: je, lazima ningoje Desemba koyote akimaliza zizi? Sheria inamruhusu mwenye mifugo kumuua mnyama anayemkuta akishambulia mifugo yake. Neno la kushika hapo ni "anayemkuta". Mbuzi akiliwa Jumatatu, kumvizia koyote Alhamisi usiku kwa filimbi ni uwindaji, na unahitaji msimu na kibali. Kwa hali hiyo mpigie askari wa wanyamapori wa eneo lako mapema. Sumu ni marufuku kabisa. Nasema hivi kwa sababu tunaijua tabia ya nyumbani Afrika ya kupaka mzoga dawa ya wadudu ili kumaliza fisi, na tunajua pia ilivyoua simba na tai. Mbuzi waliofungiwa usiku nyuma ya uzio wa umeme hawaliwi kirahisi, na uzio hauhitaji kibali.

Suala zito kuliko yote ni hadhi yako ya uhamiaji. Sheria ya taifa inamkataza mtu aliyeko nchini bila hadhi halali kumiliki au hata kushika bunduki au risasi, na adhabu inafika miaka 15 gerezani. Kushika bunduki ya rafiki kwa dakika kumi mnapovuka kijito ni kushika. Mwenye kadi ya kijani (ukaazi wa kudumu), mkimbizi aliyepokelewa rasmi na aliyekwisha kupewa hifadhi (asylum) hawaguswi na katazo hilo. Mwenye viza ya muda anakatazwa, isipokuwa katika hali chache, mojawapo ikiwa ni kuwa na leseni halali ya uwindaji. Wale ambao kesi zao za hifadhi bado zinasubiri, msikilize mwanasheria wa uhamiaji kabla hujamsikiliza mfanyakazi mwenzako anayekualika porini. Duka linalokuuzia leseni halikagui hadhi yako ya bunduki. Kupata leseni si ushahidi kwamba uko salama. Na kwa asiye raia, hata mwenye kadi ya kijani, hukumu ya kosa la bunduki inaweza kuwa sababu ya kufukuzwa nchini.

Mwisho ni mnyama akishalala chini. Vaa glavu. Kichaa cha mbwa kipo Maine kwa rakuni, vicheche na mbweha. Mwaka 2019 watu kadhaa wa mji wa Bath walishambuliwa na mbweha wa kijivu wenye ugonjwa huo. Mnyama aliyekujia bila woga kabisa, akiyumba au akitokwa mate, usimguse kwa mkono. Mate yake yakiingia kwenye kidonda, osha kwa maji na sabuni kwa muda mrefu na uende hospitali usiku huo huo.

Ukigundua kwamba uliyempiga ni mbweha au linksi, mwache pale alipo, toa risasi kwenye bunduki, na umpigie askari wa wanyamapori kabla hujampigia mtu mwingine. Kesi inaweza kuwepo bado. Lakini aliyempigia askari mwenyewe na aliyekutwa na mzoga chini ya theluji nyuma ya gari hawasimami mahakamani kwa namna moja.