"Hana Msimu" Maana Yake Nini? Mnyama wa Mawindo katika Sheria ya Texas

Kila mwaka joto la Texas linapoanza kupungua nazisikia kauli mbili kwa ndugu zetu waliohamia huku kutoka Kongo, Kenya na Tanzania. Ya kwanza: "Yule si mnyama wa mawindo, kwa hiyo analindwa." Ya pili: "Yule hana msimu, piga tu wakati wowote." Ya kwanza mara nyingi ni kinyume kabisa cha sheria. Ya pili ni kweli kwa wanyama fulani, na kwa wengine ni njia fupi ya kwenda mahakamani. Nimeona niandike, kwa sababu kosa lote linatokana na dhana moja isiyoeleweka.

Mnyama wa mawindo, kisheria, ni mnyama wa porini ambaye sheria ya jimbo imemtaja kwa jina kwamba uwindaji wake utafuata msimu, kikomo cha idadi na masharti ya namna ya kumwinda. Kila jimbo lina orodha yake. Ya Texas ni fupi: kulungu mkia mweupe, kulungu wa masikio makubwa anayepatikana upande wa magharibi, pronghoni (mnyama wa nyika anayefanana na swala), kondoo wa jangwani mwenye pembe zilizojikunja, kindi wa kijivu na kindi wekundu, na havelina, mnyama mdogo anayefanana na nguruwe. Ndege wana orodha yao, na wale wanaohama, kama hua na bata, wako pia chini ya sheria ya shirikisho ya mwaka 1918. Hao nawaacha.

Sasa mtazame asiyekuwemo. Puma hayumo. Paka mkubwa kuliko wote wa Texas, ambaye wengi hawatabahatika kumwona maishani, si mnyama wa mawindo, ilhali kindi anayeruka juu ya paa la nyumba yako ni mnyama wa mawindo. Katika misitu ya mashariki kindi ana msimu wake na kikomo cha 10 kwa siku. Puma hana msimu wala kikomo: mwenye leseni na ruhusa ya mwenye ardhi anaweza kumpiga Januari au Julai, mmoja au watano. Mwaka 2024 Tume ya Hifadhi na Wanyamapori ya Texas ilikataza kumfungulia puma aliyenaswa ili apigwe papo hapo, na ikataka mitego ikaguliwe kila baada ya saa 36. Ni hatua njema, lakini msimu na kikomo bado hakuna.

Hapo ndipo kauli ya kwanza inapoanguka. Kuwa nje ya orodha si ulinzi. Orodha yenyewe ndiyo ulinzi, kwa kuwa ndiyo inayoleta msimu, na msimu ndio unaompa mnyama miezi ya kuzaa na kulea. California ilimtoa puma kwenye uwindaji kabisa kwa kura ya wananchi mwaka 1990, kwa kumwekea ulinzi maalumu kwenye sheria. Colorado imemweka kuwa mnyama wa mawindo mwenye msimu na mgao, yaani idadi ya juu inayoruhusiwa kuwindwa. Texas haijafanya lolote kati ya hayo, na hali ya puma katika majimbo hayo matatu haifanani hata kidogo.

Kauli ya pili inahitaji subira zaidi, na mfano wake mzuri ni wale wawili ambao sisi tunawaita wote "nguruwe pori".

Mmoja ni nguruwe wa kweli, uzao wa nguruwe wa kufugwa waliotoroka au kuachwa tangu zama za Wahispania, wakachanganyika baadaye na nguruwe mwitu wa Ulaya walioletwa kwa ajili ya kuwindwa. Wanafukua mashamba, wanaharibu vyanzo vya maji, na idadi yao Texas inakadiriwa kupita milioni 2. Huyu si mnyama wa mawindo. Hana msimu, hana kikomo, na usiku wa manane hupigwa kwa taa. Tangu Septemba 2019 huhitaji hata leseni kumwinda kwenye ardhi ya mtu binafsi, mradi mwenyewe amekuruhusu.

Wa pili ni havelina. Ukimwona kichakani kusini mwa Texas utaapa ni nguruwe: pua ile ile, manyoya magumu yale yale. Lakini si wa ukoo huo. Ni mnyama mwenyeji wa Amerika, mdogo, mwenye mstari mweupe shingoni. Na yeye yumo kwenye orodha. Kikomo ni havelina 2 kwa mwaka wa leseni. Katika kundi moja la kaunti msimu wake huanza Oktoba 1 na kwisha mwishoni mwa Februari. Katika kaunti nyingi za kusini uko wazi mwaka mzima, lakini kikomo ni kile kile. Katika kaunti zilizobaki hana msimu.

Neno hilo "hana msimu", la nguruwe na la havelina, ni lile lile lakini sheria mbili. Kwa mnyama wa mawindo, mlango umefungwa mpaka Tume iufungue kwa tangazo lenye tarehe na kaunti. Kaunti isiyotajwa haina msimu, na maana yake ni kwamba haruhusiwi kuguswa hapo siku yoyote ya mwaka. Kwa asiyekuwemo kwenye orodha, mlango haukuwahi kufungwa; kutokuwa na msimu maana yake ni kwamba yuko wazi siku zote. Mtu akisoma kijitabu cha kanuni, akaona kaunti yake haimo kwenye jedwali la havelina, akadhani ameruhusiwa kama kwa nguruwe, tayari ametenda kosa.

Wanaotoka Afrika Mashariki wana sababu ya kuchanganyikiwa. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, kwa hiyo Mkenya wa umri wangu amekua akijua mnyama wa porini haguswi, na anayemgusa ni jangili. Akifika Texas anakuta choroa wa kwao wanapigwa kwenye ranchi bila msimu. Choroa, kama nilgai na kulungu wa madoa walioletwa kutoka India, kwa sheria ya jimbo ni mnyama mgeni. Leseni inahitajika, lakini jimbo halikuweka msimu wala kikomo kwa wageni hao kwenye ardhi binafsi.

Tofauti hiyo inaendelea hadi jikoni. Nyama ya kulungu mkia mweupe uliyemwinda haiuzwi. Unaweza kula au kugawa tu, na kuiacha nyama ya mnyama wa mawindo iharibike kwa makusudi au uzembe ni kosa. Kulungu unayemkuta kwenye menyu ya mgahawa kwa kawaida ni wa madoa au wa kufugwa, aliyekaguliwa. Nguruwe ukimwacha porini hakuna atakayekuuliza.

Katazo hilo la kuuza lina historia ya uchungu. Katika karne ya 19 Marekani iliwinda kwa ajili ya soko. Njiwa msafiri, aliyekuwa akipita kwa makundi ya kufunika anga, alipakiwa kwenye mapipa na kusafirishwa kwa reli. Wa mwisho alikufa kwenye bustani ya wanyama ya Cincinnati mwaka 1914. Kondoo wa jangwani wa Texas walikwisha kabisa kufikia miaka ya 1960, na waliopo leo ni uzao wa waliorudishwa. Kulungu mkia mweupe, aliyewekewa msimu, kikomo na askari wa kumlinda, sasa wamezidi milioni 5 katika jimbo hilo moja.

Kuhusu leseni nitasema machache. Inaanza Septemba 1 na kwisha Agosti 31, bei ya mkazi inahitaji uwe umeishi Texas zaidi ya miezi 6, na aliyezaliwa kuanzia Septemba 2, 1971 lazima apite mafunzo ya uwindaji. Leseni inakutambulisha wewe. Haifungui msimu, na haikupi ruhusa ya kuingia shambani kwa mtu, katika jimbo ambalo takriban asilimia 95 ya ardhi ni ya watu binafsi.

Kwa hiyo ningeomba tuyatenganishe maneno. Kwa havelina, kulungu na wenzao tuseme "msimu haujafunguliwa katika kaunti hii". Kwa nguruwe na puma tuseme "hajawekewa msimu". Na mtu akihamia Oklahoma au Colorado, aanze upya na orodha ya huko.