Nana: mwanamke asiyejibana

Nana ni jina la sanamu za wanawake ambazo Niki de Saint Phalle, msanii wa Ufaransa na Marekani, alianza kuzitengeneza katikati ya miaka ya 1960. Katika Kifaransa cha mtaani, nana ni msichana tu, kama vijana wanavyosema "demu". Kwetu, nana wa kwenye mashairi ni bibi wa heshima. Maneno haya hayana undugu, lakini nikizitazama sanamu zenyewe namwona huyu wa pili.

Nana utamtambua mara moja. Mapaja manene, matiti makubwa, tumbo limejaa, na juu kabisa kichwa kidogo ambacho mara nyingi hakina uso. Mwili mzima ni waridi, njano, buluu, maua, mioyo na mistari. Kasimama kwa mguu mmoja, mikono juu, anacheza. Mzito vile, na bado mwepesi! Wazo lilitokana na rafiki wa msanii, Clarice Rivers, alipokuwa mjamzito. Nana wa mwanzo walitengenezwa kwa waya, karatasi, nguo na nyuzi za sufu. Baadaye ikaja poliesta, aina ya plastiki inayostahimili jua na mvua, ila mvuke wake ulimuumiza msanii mapafu.

Wapo wanaoziona kama midoli mikubwa. Mimi naona uchezaji huo ndio hoja yenyewe. Sanamu nyingi za wanawake zilichongwa ili zitazamwe: zimetulia, nyembamba, zimeinamisha macho. Nana hamngoji mtazamaji. Anajaza nafasi, na hamwombi mtu radhi kwa ukubwa wake.

Mkubwa kuliko wote alilazwa chali mwaka 1966 katika jumba la makumbusho ya sanaa la Moderna Museet, Stockholm, Uswidi. Aliitwa Hon, yaani "yeye" wa kike kwa Kiswidi. Niki alimjenga pamoja na wasanii wenzake Jean Tinguely na Per Olof Ultvedt. Watu waliingia ndani yake kwa kupita katikati ya miguu, na kwenye titi moja wakakuta baa ya maziwa. Baada ya miezi mitatu akabomolewa.

Mwaka 1974 Nana watatu walisimamishwa Hannover, Ujerumani, kando ya mto Leine. Wakazi wengi walikasirika mno. Leo ni fahari ya mji, na kila mmoja ana jina: Sophie, Charlotte, na Caroline, aliyeitwa kwa heshima ya Caroline Herschel, mwanaastronomia aliyezaliwa mjini humo mwaka 1750.