Kuku wa mayai akikaa chini asiinuke, usikimbilie sindano

Ndugu wafugaji habari za kazi. Kipindi hiki cha joto malalamiko yanayoletwa ofisini kwetu, ofisi ya mifugo, yanafanana mno: kuku walikuwa wanataga vizuri tu, trei zinatoka, ghafla mmoja anakaa chini hainuki, keshokutwa wengine, mara mwingine anakutwa amekufa asubuhi na yai bado liko ndani. Na kabla hajafika kwetu mfugaji ameshapita maduka ya pembejeo, ameshanunua antibayotiki, multivitamini na dawa ya minyoo ambayo sijui kwa nini kila mtu anauziwa, na ameshaamua chanjo ilikuwa feki au vifaranga walikuwa wabovu. Malalamiko ya chanjo na vifaranga tunayapokea na yana utaratibu wake, sikatai. Ila kuku wengi waliokufa tunaowapasua hapa kuwachunguza, tatizo lao sio hilo.

Tatizo ni mayai yenyewe. Yule kuku wa porini wa Asia, ambaye ndio asili ya kuku wote hawa, anataga kama mayai 10 mpaka 15 kwa mwaka, anaatamia, basi. Huyu wa kwako amechaguliwa kizazi baada ya kizazi mpaka anavuka 300, na hamu ya kuatamia karibu imeisha kabisa. Ganda la yai moja linakula kama gramu 2 za kalsiamu, kwa mayai 300 hiyo ni gramu 600, wakati mifupa yake yote ukiikusanya ina kama gramu 20 tu. Yaani kwa mwaka anatoa nje kalsiamu ya mifupa yake mara 30. Na ganda linajengwa zaidi usiku, muda ambao tumbo linazidi kuwa tupu, kwa hiyo anachota mifupani, halafu mchana chakula kirudishe. Kisiporudisha haachi kutaga, ndivyo alivyochaguliwa, anaendelea huku mifupa inakonda mpaka ile ya kidari inapasuka, miguu inashindwa kubeba mwili. Ndio maana mtu anakuja ananibishia kwamba mbona ganda la yai ni gumu. Ganda linaweza kuwa gumu huku mwenyewe ameshaisha.

Na msidhani ni ushamba wetu. Denmark watafiti walikagua kuku wa mayai kutoka makundi 40, majibu yakatoka 2021, karibu 85 kati ya kila 100 walikutwa wamevunjika mfupa wa kidari, na hao ni watu wenye mabanda ya kisasa na chakula kilichopimwa. Kuku mdogo anayetaga yai kubwa na aliyeanza kutaga mapema ndiye anayeumia zaidi.

Sasa tuje kwenye chakula, maana hapa ndipo mnapojimaliza. Kuku anayetaga anakula gramu 110 mpaka 120 kwa siku, na chakula cha kutagia kinatakiwa kiwe na kalsiamu asilimia 3.5 mpaka 4, hapo anapata kama gramu 4, na nusu yake hivi ndiyo inaingia mwilini. Wewe mfuko umepanda bei, unachanganya na pumba nusu kwa nusu, umebakiza gramu 2 na hizo nazo nusu inaenda na kinyesi, halafu unauliza amerogwa na nani. Muwekee pembeni chokaa ya mifugo yenye punje au magamba ya konokono wa baharini yaliyopondwa, hasa jioni, kwa sababu punje kubwa zinayeyuka taratibu usiku kucha. Nimesema chokaa ya mifugo, SIO ya kupaka ukuta, ile inaunguza. Na kinyume chake pia, usiwape vifaranga chakula cha kutagia eti watage mapema, kalsiamu nyingi inawaharibia figo.

Taa je? Huku kwetu mchana ni kama saa 12 mwaka mzima, kwa hiyo unachoongeza ni saa 3 au 4 tu, tena kidogo kidogo kila wiki, na uanze wakishafika uzito, sio kabla. Kuwasha usiku kucha hakuleti mayai mawili kwa siku. Kunaleta kuku mdogo anayesukuma yai kubwa, kizazi kinatoka nje, wenzake wanakidonoa mpaka utumbo. Wale wa kwenye keji nao mahindi yakizidi wananenepa ini, linapasuka, unamkuta amekufa ghafla na upanga wa kichwani umepauka.

Akikaa chini mmoja, mtenge, muweke sakafuni kwenye maranda, maji na chakula karibu na mdomo, chokaa pembeni. Kama uti wa mgongo haujavunjika wengi wanainuka ndani ya siku chache. Lakini wakianguka wengi kwa pamoja, au kuna kukoroma, kinyesi cha kijani, shingo kupinda, hapo usijitibie, kideri, yaani Newcastle, nacho kinapoozesha, na ndiyo sababu hatutoi dawa kwa simu hata mkasirike vipi.

Utaratibu ni huu. Unamjulisha afisa mifugo wa kata kwanza, yeye ndiye anaandika historia ya kundi. Unaleta aliyekufa karibuni pamoja na mgonjwa aliye hai wakiwepo. Mzoga uingie kwenye mifuko miwili ya plastiki, uwekwe kwenye barafu ila usigandishwe, ufike ndani ya saa 24, ukigandishwa tunasoma kwa shida. Leta na chakula nusu kilo kutoka mfuko unaotumika na lebo yake usiitupe, pamoja na daftari la chanjo na la mayai. Bila daftari tunabahatisha wote.

Kama umeshawapa antibayotiki, mayai hayauzwi mpaka muda ulioandikwa kwenye lebo upite, na zipo ambazo haziruhusiwi kabisa kwa kuku anayetaga. Hapa huwa nasikia "lakini afisa nitapata hasara". Hasara hiyo usimhamishie mlaji.

Halafu kuna wale wa kuuza kuku waliochoka kutaga. Mifupa ndiyo hiyo nimeieleza, wewe unawafunga miguu unawaning'iniza kichwa chini kwenye bodaboda, wanafika wamevunjika. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya Tanzania, Na. 19 ya mwaka 2008, inahusu kuku pia, sio ng'ombe na punda peke yao, na kumsafirisha mnyama kwa namna ya kumtesa ni kosa lenye faini au kifungo au vyote viwili. Tumieni matenga yenye hewa na nafasi, safirini alfajiri au usiku, na kama unatoka nje ya wilaya chukua kibali cha kusafirisha mifugo kabla ya kupakia. Kibali hakitolewi kwenye kizuizi, wala mkaguzi hana mamlaka ya kukuandikia pale barabarani, kwa hiyo kumpigia simu mheshimiwa fulani ukiwa umeshasimamishwa kunawachelewesha kuku juani tu.