Kuchemsha maji hakuondoi floraidi

Kuna ujumbe unaozunguka miaka mingi kwenye magrupu ya Arusha: chemsha maji dakika ishirini, floraidi itatoka na mvuke, meno ya watoto hayatabadilika rangi. Si kweli. Kuchemsha huua vimelea, na kwa hilo endeleeni. Floraidi ni chumvi iliyoyeyuka kutoka miamba ya volkano ya Mlima Meru. Maji yanaruka, yenyewe inabaki. Chukua lita 10 zenye miligramu 2 kwa lita, chemsha zibaki 8: sasa ni miligramu 2.5 kwa lita. Kiwango kinachokubalika ni 1.5.

Wengi huchanganywa na ule ukoko mweupe kwenye birika. Huo kwa sehemu kubwa ni chokaa. Tena maji yenye floraidi nyingi huwa maangavu kabisa, hayana ladha, hivyo macho na ulimi havisaidii.

Kinachosaidia ni chujio la mkaa wa mifupa, ambalo watafiti wa vyuo vikuu wamelichunguza kwa muda mrefu. Lakini mkaa huo hushiba, na usipobadilishwa maji hupita yalivyo.

Tafadhali msiusambaze tena ujumbe huo. Mtoto chini ya miaka minane, ambaye meno yake ya ukubwani bado yanajengeka, ndiye anayeumia. Pelekeni sampuli maabara ya maji: nusu lita, chupa ya plastiki, si ya kioo, isuuzwe mara tatu kwa maji yaleyale. Na magadi ya kulainishia maharage nayo yana floraidi, punguzeni.