Breki ya rili hupimwa kwa mizani: zana za sulisuli kabla ya kaskazi

Kusi likishalegea na matlai kuanza, boti za Malindi hurudishwa majini moja moja. Rili zilizolala tangu Aprili hutolewa sandukuni, mtu akavuta mshipi kwa mkono mara mbili tatu, akasema "iko sawa", na alfajiri ya pili yake chambo kiko nyuma ya boti. Sulisuli wa kwanza, yule samaki mwenye pezi kama tanga, ndiye anayeijaribu breki, yaani kibano cha rili kinachoamua samaki avute kwa nguvu gani ndipo mshipi utoke. Huo ni wakati mbaya wa kujua kwamba imeganda.

Mkono haupimi breki. Mvuto uleule utauona mzito ukiwa umechoka na mwepesi ukiwa na hamu. Kwa hiyo, kabla hujanunua chambo kipya cha rangi, nunua mizani ya kuning'iniza yenye ndoana, aina ile ya wachuuzi wa samaki, inayosoma mpaka kilo 20 au 25. Ya springi inatosha. Uwindaji wa wanyama wa nchi kavu ulipigwa marufuku Kenya mwaka 1977, basi mwenye hamu ya kuwinda pwani hii huimalizia baharini, na chombo chake ni rili, rodi na mshipi. Mfano wangu humu ni mshipi wa nailoni wa kilo 15, ule ambao wengi huuita "paundi 30". Unamtosha sulisuli vizuri, na ukimshika nguru au faulusi hautakuaibisha.

Anza na mshipi wenyewe, kwa sababu hakuna maana ya kupima breki kwa mshipi uliokufa. Nailoni huuawa na jua, na pia na kukwaruzwa. Kata mita kumi za mwanzo uzitupe bila huruma. Kisha kata kipande cha mita moja na nusu, kilowanishe majini dakika chache, maana nailoni ikinywa maji hupungua nguvu na wewe utaitumia ikiwa imelowa. Zungusha ncha moja mara kadhaa kwenye kipini laini cha mti, nyingine kwenye ndoana ya mizani, uvute polepole mpaka ukatike. Vaa miwani, na usiuzungushie mkononi: mshipi ukikatika kwenye kilo 14, mizani hurudi na nguvu zote. Fanya hivyo kwa vipande vitatu. Vikikatika karibu na kilo 15, mshipi ni mzima. Vikianza kukatika kwenye 10 au 11, toa wote. Nailoni si ghali ukilinganisha na mafuta ya siku moja ya boti.

Mshipi mpya ujazwe ukiwa umekazwa, kilo 2 hivi, ukipitishwa kwenye kitambaa kilicholowa ili usichome vidole wala kupata joto. Ukijazwa legelege, siku ya samaki mkubwa mzunguko wa juu huzama katikati ya mizunguko ya chini, hukwama ghafla, na mshipi hukatika hata breki ikiwa sahihi kabisa. Acha milimita 3 hadi 5 chini ya ukingo wa spuli, gurudumu la rili linalobeba mshipi. Ukijaza mpaka mdomoni, mizunguko humwagika pembeni.

Sasa breki. Rili nyingi za kukokota chambo zina mkono wa breki unaosukumwa kutoka nafasi ya huru, kupita kituo cha kati ambacho mabaharia hukiita straiki, mpaka mwisho. Pembeni kuna kinobu kidogo cha kuweka kipimo. Kinobu hiki kisiguswe hata mara moja mkono wa breki ukiwa umekazwa: rudisha mkono kwenye huru kwanza, zungusha kinobu kidogo, sukuma mkono mpaka straiki, pima, rudi huru, zungusha tena. Anayekizungusha chini ya mzigo huharibu meno yake na kubana washa, zile sahani za ndani zinazosuguana, zaidi ya alivyokusudia, na rili hiyo haitampa tena kipimo kimoja mara mbili.

Kiasi gani? Kanuni inayofanya kazi ni robo hadi theluthi ya nguvu ya mshipi. Kwa mshipi wa kilo 15 ni baina ya kilo 3.75 na 5. Kwa chambo cha samaki halisi chenye ndoana ya duara mimi huweka 4. Kwa chambo cha bandia chenye ndoana ya kawaida, 4.5 hadi 5. Mtu atauliza kilo kumi zinazobaki zinakwenda wapi. Fundo lililofungwa vibaya huchukua sehemu. Mshipi unaokokotwa majini ukiwa umepinda, samaki akiwa amekata kona, huongeza uzito wake. Lakini mla mkubwa ni spuli yenyewe. Breki hushikilia mhimili kwa nguvu ileile, ila mshipi ukipungua, mduara unaovutwa unakuwa mdogo, na mvuto unapanda kwa uwiano uleule. Spuli ikiwa na kipenyo cha sentimita 9 ikiwa imejaa na breki ya kilo 4.5, mbio zikiipunguza mpaka sentimita 6, breki hiyo sasa ni kilo 6.75 na hujagusa kitu. Ikifika 4.5 itakuwa kilo 9. Hapo ndipo mvuvi anapoingiwa na hofu kwamba mshipi unaisha, akasukuma mkono wa breki mbele, na tukio likaisha. Mshipi ukipungua, breki hurudishwa nyuma. Nahodha ageuze boti amfuate samaki.

Upimaji ufanyike kwenye ncha ya rodi. Ukivuta mshipi moja kwa moja kutoka kwenye rili utapata namba ya chini kuliko anayoihisi samaki, kwa sababu msuguano wa pete haumo. Mtu mmoja ashike rodi kwa pembe ya digrii 45 hivi, rili iko straiki. Wa pili afunge mshipi kwenye ndoana ya mizani na kurudi nyuma kwa mwendo wa kutembea. Usisome namba moja. Soma mbili: ile ya mshipi unapoanza kutoka na ile ya mshipi ukiwa tayari unakimbia. Zikiwa karibu sana, kwa mfano 4.5 na 4.2, breki ni laini. Zikiwa 6 kuanza na 4 kukimbia, kuna tatizo, na ni tatizo baya kuliko breki iliyokazwa kupita kiasi, kwa sababu kila sulisuli anaporuka na kusimama na kuanza tena, mshipi unapokea ule mkwamo wa kilo 6 upya. Naye huruka sana. (Ile kasi ya kilomita 110 kwa saa inayorudiwa kila mahali, usiiamini: vipimo vya wanasayansi vya miaka ya karibuni havikufika hata nusu yake. Kinachokata mshipi ni kuanza kwake ghafla.)

Kama huna mizani, mtungi wa lita 5 utakusaidia. Lita moja ya maji ya bomba ni kilo moja, kwa hiyo lita 4 pamoja na uzito wa mtungi wenyewe ni kilo 4 na kidogo. Fungia mshipi kwenye mpini wake, simama mahali pa juu, gatini au barazani ghorofani, inua rodi taratibu rili ikiwa straiki. Mtungi unapaswa kuinuka kidogo, kisha uanze kushuka wenyewe kwa mwendo mmoja. Ukishuka kwa kushtukashtuka kama lifti mbovu, breki ina uchafu.

Uchafu huo kwa kawaida ni wa aina mbili. Wa kwanza ni chumvi, ambayo mara nyingi imeingizwa na mwenye rili mwenyewe kwa kuipiga mpira wa maji wa nguvu baada ya safari. Presha huisukuma chumvi ndani badala ya kuitoa. Rili huoshwa kwa maji baridi ya kumwagiwa polepole, breki ikiwa imekazwa kidogo ili maji yasipite kwenye washa, ikafutwa, ndipo ikaachiwa huru. Aina ya pili ni mafuta. Ile dawa ya kupuliza ya kulegeza skrubu, kila gereji iko nayo, ikifika kwenye washa za kaboni huzifanya ziteleze hapa na kushika pale. Washa zilizoingiwa zifuliwe kwa sabuni ya vyombo, zikaushwe kivulini, zirudishwe kavu au na grisi nyembamba ya breki kama rili yako imetengenezwa kwa grisi. Grisi ya beringi za gari haifai humo. Na washa zilizobanwa miezi yote ya kusi, kwa sababu mtu alihifadhi rili breki ikiwa imekazwa, huwa zimelala na hazirudi. Hizo ni za kubadilisha.

Pete za rodi ni kazi ya dakika tano. Pitisha kipande cha pamba ndani ya kila pete, ukizungusha pande zote. Ikiacha nyuzi, kuna ufa ambao jicho haliuoni, na ufa huo utaupasua mshipi wako urefu mzima. Kama rodi ina rola, vigurudumu vidogo badala ya pete, kila rola izunguke kwa mguso mwepesi wa kidole. Rola iliyoganda hujitangaza pia kwenye mizani: kipimo cha nchani kinakuwa kikubwa mno kuliko cha rilini.

Mbele ya mshipi, kunja mshipi mara mbili uufunge kwa fundo la Bimini, mizunguko 20 kwa nailoni ya unene huu, kisha swiveli (kiungo kinachozunguka) yenye beringi, kisha lida, kipande kinene cha kuelekea ndoana, ya nailoni ya kilo 35 hadi 40. Unene huo si kwa sababu ya uzito wa samaki. Mdomo wa sulisuli una ngozi ya msasa, nao husugua lida mapambano yote. Wanaotaka rekodi wajue mpaka: kwa mishipi ya zaidi ya kilo 10, kanuni za IGFA, chama cha kimataifa kinachosimamia rekodi za uvuvi wa michezo, zinaruhusu lida isiyozidi mita 9.14, na pamoja na mshipi uliokunjwa mara mbili jumla isizidi mita 12.19. Wengine tutumie mita 3 hadi 4, inashikika kirahisi kando ya boti.

Slivu za kubana, vile vibomba vya chuma vinavyofunga kitanzi cha lida, ndizo zinazowaangusha hata wazoefu. Ibane katikati, uache ncha zake mbili bila kubanwa zikiwa zimepanuka kidogo. Ukibana mpaka ukingoni, chuma kinakuwa kisu juu ya nailoni. Chagua slivu ambayo lida inaingia kwa shida kidogo. Kisha ivute kwa mizani mpaka kilo 10, ukiwa umeishikiza kwenye msumari. Haitelezi? Basi.

Ndoana ya duara ya namba 7/0 au 8/0 isiyopinda pembeni inatosha kwa chuchunge, samaki mdogo wa chambo. Iburuze juu ya ukucha bila kukandamiza: ikiteleza, inolewe kwa tupa ndogo au itupwe. Ndoana hii haitaki kupigwa. Samaki akichukua, rili iko huru na kidole kinalinda spuli, unahesabu tatu hadi tano, kisha mkono wa breki unasukumwa mbele polepole mpaka straiki, naye hujishika pembeni mwa mdomo. Ukiinyanyua rodi kwa nguvu, unamtolea chambo mdomoni. Kujishika huko pembeni mwa mdomo ndiko sababu kubwa ya kuitumia ndoana hii kwa samaki wanaowekwa alama na kuachiwa, kama wanavyofanya wengi hapa na Watamu, iliko African Billfish Foundation, shirika la kuwawekea alama samaki wa jamii ya sulisuli.

Kinachobaki kupimwa ni cha baharini. Ukishavuka miamba, teremsha chambo kimoja tu kwa mwendo wa noti 5 (maili 5 za baharini kwa saa) ukitazame. Chuchunge anapaswa kuogelea wima. Akizunguka, ndoana haiko katikati, na kwa saa moja atakuwa ameusokota mshipi wote. Rili ikiwa huru na kelele yake imefunguliwa, uzito wa chambo pekee usiweze kuzungusha spuli. Klipu za mikono ya pembeni, zile fito zinazotandaza mishipi mbali na boti, zikazwe punde tu juu ya mvuto wa chambo, si zaidi. Na kama mvua imenyesha bara na maji ya mto Sabaki yametoka na wekundu wake, utavua kwenye mpaka wa maji hayo na ya buluu, ambako majani na vijiti huelea kwa wingi: inua chambo kila robo saa, pitisha vidole kwenye mita za mwisho za mshipi, na ukihisi mkwaruzo, kata na ufunge upya hapohapo.

Namba zako za straiki ziandike kwa kalamu isiyofutika kwenye plasta na uibandike chini ya rili, pamoja na tarehe. Pima tena baada ya kila samaki aliyechukua zaidi ya nusu ya spuli, kwa sababu washa zilizopata joto hazirudi daima kwenye kipimo cha asubuhi.